Jozi Iliyobaki Ukingoni

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, Ndunda alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake katika soko la Tala akisugua raba nyeupe kwa mswaki wa watoto. Mswaki wa watu wazima, alikuwa akisema, una nywele ngumu na hukwaruza. Sabuni alitumia ya kipande, kwa sababu ya unga huacha manjano kwenye mishono. Alipomaliza aliizungushia raba tishu pande zote mpaka ikafanana na kidole kilichofungwa bendeji, kisha akaianika kivulini. Jua ni adui wa raba. Hilo alimwambia kila mteja, pamoja na wale waliokuja kununua ndengu kwa Winfred kibanda cha pili.

Maana Ndunda alikuwa na maoni, na hakuwa mchoyo nayo. Raba hazivaliwi na suti. Anayefanya hivyo, awe diwani au bwana harusi, anawatangazia watu kwamba hela za viatu ziliishia kwenye koti. Kamba zifungwe kama zilizofungwa na mtu mwenye shughuli nyingine. Raba bandia hazijulikani kwa alama ya ubavuni, maana hiyo hata kipofu anaweza kuichora. Zinajulikana kwa harufu ya gundi, na Ndunda alikuwa akiziinua puani mbele ya mwenyewe bila aibu. Raba za Air Force nyeupe aliziheshimu lakini hakuziamini. Mtu ambaye raba zake ni nyeupe mwaka mzima, alisema, kuna mahali anatuma miguu ya wengine.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa na jozi kumi na nne zake mwenyewe, na kitanda hakuwa nacho. Alilala kwenye godoro lililozungukwa na maboksi. Mama yake huko Kangundo alikuwa amechoka kumwuliza habari za kuoa. Lakini soko zima lilikubali jambo moja: katika mambo ya viatu, neno la Ndunda lilikuwa la mwisho. Watu walioshindania jozi moja waliletwa kwake, naye alitazama visigino vyao, akatazama soli, akaamua, na hakuna aliyekata rufaa.

Jozi nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwake ilitoka kwenye robota la mitumba mwaka juzi: ndefu, za mpira wa kikapu, nyekundu na nyeusi, saizi arubaini na tatu. Ulimi wa kushoto ulikuwa umeng'oka. Ndunda hakuwa na uzi mwekundu siku hiyo, akaushona kwa uzi wa kijani. Kisha akamwuzia Masila, kwa sababu miguu yake mwenyewe ni arubaini na moja, na kwa sababu alipenda kumwona mwanamume mzima akishawishika. "Mtu akuwe na kiatu moja ya maana," alimwambia. Masila alikuwa mchimba mchanga, mpole, mwenye mabega ya fahali. Alizivaa akaondoka nazo, na Ndunda akajuta kabla hajafika kwenye lango la soko. Alijuta miaka miwili.

Masila alichimba katika mto Syuuni, ambao miezi kumi kwa mwaka hauna maji, una mchanga tu. Wachimbaji walikuwa tisa. Kazi ile hufanywa miguu mitupu, kwa hiyo kila asubuhi watu huvua viatu na kuvipanga ukingoni, vidole vikitazama mto. Jioni nyapara hahesabu vichwa. Huhesabu viatu. Jozi zikiisha ukingoni, watu wote wametoka shimoni, na lori linaweza kuondoka. Jozi ikibaki, hakuna anayekwenda nyumbani, watu hurudi chini na sepetu mpaka mwenye viatu apatikane. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani kuliko nyapara na kuliko Kilonzo, mwenye mchanga, na hakuna aliyewahi kuivunja. Hata naibu wa chifu aliitambua.

Jumatano ya juma lile, saa tisa alasiri, kingo ya juu ya Syuuni iliporomoka. Wachimbaji waliruka pembeni, vumbi likatulia, nyapara akahesabu viatu. Hakuna jozi iliyobaki. Watu wakaenda nyumbani.

Siku ya pili yake mtu wa bodaboda, mmoja wa watu wa Kilonzo, alisimama mbele ya kibanda cha Ndunda akiwa na gunia. Ndani yake mlikuwa na jozi moja. Nyekundu na nyeusi, ndefu, saizi arubaini na tatu, ulimi wa kushoto umeshonwa kwa uzi wa kijani. Ndunda aliutazama uzi. Aliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Yule mtu alitaja bei ndogo kupita kiasi, na Ndunda, mtu wa maneno mengi kama kasuku, hakuuliza swali hata moja. Alilipa. Kisha akachukua mswaki wa watoto, akaziosha saa ile ile, na maji yakatoka mekundu ya udongo wa kingo mara tatu kabla hayajawa safi.

Ndiyo maana ile Ijumaa, Kamanthe alipokuja, raba zilikuwa tayari kwenye boksi chini ya meza, zimekauka na zinanukia sabuni.

Kamanthe alikuwa mke wa Masila, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani, kwa hiyo viatu vyake vilikuwa na vumbi, na Ndunda alivitazama viatu badala ya kumtazama usoni.

"Ndunda, Baba Mwelu hajapita hapa?"

"Sijamwona, Mama Mwelu. Kwani hakuja nyumbani?"

"Tangu Jumatano. Simu nikipiga, ni mteja tu hapatikani. Kilonzo anasema alienda Mombasa kutafuta kazi. Nilienda mtoni. Kingo imeanguka. Nikawaambia wachimbe, wakaniuliza viatu viko wapi. Nikaangalia. Hakuna viatu. Sasa kama hakuna viatu, wanasema hakuna mtu."

"Labda ni kweli Mombasa," Ndunda akasema.

"Baba Mwelu hawezi enda Mombasa bila kuaga ng'ombe," Kamanthe akasema. "Mimi sitaki maneno mengi. Kama amekufa, nataka nimzike nyumbani kando ya babake. Hiyo tu. Ukiona hizo raba zake mahali, niambie. Wewe ndio ulimuuzia."

Ndunda alisema atamwambia. Vibanda vya safu ile vyote vilikuwa vya Kilonzo, na mwaka jana fundi cherehani mmoja alikuwa ameondolewa kwa kosa la kuongea. Lakini tuseme ukweli: si hofu peke yake. Alikuwa amezipata zile raba, na hakutaka kuzitoa.

Kamanthe alipogeuka kuondoka, boksi lilianza kutoa mchanga.

Ulitoka kwenye viatu vyote viwili, polepole, kama uji unaofura sufuriani. Ulikuwa mchanga wa mtoni, mkubwa, msafi, tena wenye unyevu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. Ndunda aliuzoa kwa mikono akaumwaga nyuma ya kibanda. Saa sita alitumia karai. Jioni alihesabu makarai ishirini na mawili, akafunika boksi na kwenda zake kulala.

Siku zilizofuata hali ilikuwa hivyo hivyo. Soko halikushangaa, lina mambo yake. Wateja waliruka rundo la mchanga na kuuliza bei. Bwana mmoja aliyekuwa akipiga lipu alikuja na toroli mbili akaomba, akapewa. Msimamizi wa soko alimletea Ndunda barua yenye mhuri ikimwonya dhidi ya kuweka vifaa vya ujenzi katika sehemu ya nguo na viatu. Winfred ndiye peke yake aliyelalamika kwa sauti.

"Wewe Ndunda, hiyo mchanga yako inaingia kwa ndengu. Jana mtu amevunja jino."

"Pole, nitafagia."

"Hii si ya kufagia." Winfred alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Katoliki na hakupenda kuzungusha maneno. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Hizo viatu ni za nani?"

"Ni za mteja."

"Basi mteja anazitaka," Winfred akasema, akarudi kupepeta ndengu.

Siku ya sita, pamoja na mchanga kilitoka kipande cha mpini wa sepetu. Siku ya saba zilitoka kifungo cha shati na kizibo cha chupa ya maji. Ndunda aliviweka kwenye rafu pamoja na kamba za akiba. Hakula vizuri siku hizo. Alianza kuutazama mchanga kabla ya kuuzoa, akiupitisha vidoleni, na kila mara alipoona kitu cheupe alikiokota, kikawa kijiwe. Siku ya tisa hakikuwa kijiwe. Kilikuwa ukucha, wa kidole gumba cha mkono, mpana, wenye mstari mweusi katikati. Ndunda akaelewa kwamba Masila alikuwa njiani, na kwamba kwa mwendo ule angechukua muda mrefu sana kufika.

Alifunga kibanda saa nne asubuhi, siku ya soko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alibeba boksi kwa miguu mpaka kwa Kamanthe, mchanga ukimwagika nyuma yake njia nzima, kuku wakiuparua.

Kamanthe alikuwa akipukuchua mahindi kibarazani. Ndunda alimweleza yote, toka bodaboda mpaka ukucha, bila kujitetea, na alipomaliza akaufungua mkono. Kamanthe aliutazama ukucha.

"Aligonga hiyo kidole na nyundo Januari, akitengeneza zizi," akasema. Akautia katika kopo tupu la mafuta ya kupikia, akafunika. Kisha akainua raba moja akaigeuza. "Uliziosha?"

"Niliziosha."

"Udongo wa kingo ulikuwa kwa soli."

"Ulikuwa."

"Na ukaosha."

Maji yakimwagika hayazoleki, na yale ya karai la Ndunda yalikuwa yameshakauka kwenye mtaro wa soko la Tala. Kamanthe hakumtukana. Angemtukana, Ndunda angeshukuru.

Walikwenda kwanza kwa naibu wa chifu, aliyekuwa akijenga nyumba ya vyumba vitano na alikutwa amesimama juu ya rundo la mchanga wa Kilonzo akiwaelekeza mafundi. Alisikiliza vizuri, ni mtu mwenye adabu. Alizitazama raba zikimwaga mchanga juu ya mchanga wake.

"Mama, nakuhurumia," akasema. "Lakini kiatu ikiwa ukingoni ni shahidi. Ikiwa sokoni ni biashara. Hii imetoka wapi? Sokoni. Tena imeoshwa."

"Na huo mchanga unaotoka?" Kamanthe akauliza.

"Mchanga ni mzuri," akasema naibu wa chifu, akiusugua kwa vidole. "Hauna udongo."

Kamanthe akafunga boksi. Walipofika penye njia panda ya kuelekea Syuuni, akasimama. "Kama wanataka ukingoni," akasema, "tuzirudishe ukingoni."

Walifika saa kumi na nusu. Wachimbaji wanane walikuwa shimoni, lori limejaa nusu. Jozi nane zilikuwa zimepangwa, akala, kandambili na raba zilizotoboka, na Ndunda, hata siku ile, hakuweza kujizuia kuona kwamba jozi ya tatu ilikuwa bandia. Kamanthe aliziweka zile nyekundu mwishoni mwa mstari, vidole vikitazama mto. Zilipogusa ukingo, mchanga ulikoma kutoka.

Saa kumi na moja watu walipanda, wakavaa, wakasimama. Nyapara alipita akihesabu. Alifika mwisho akasimama. Akarudi mwanzo, akahesabu tena, akavua kofia.

"Imebaki jozi," akasema.

Wachimbaji wanane walivua viatu tena, mmoja baada ya mwingine, wakavirudisha mahali pake, wakachukua sepetu. Hawakwenda walikokuwa wakichimba. Walikwenda moja kwa moja kwenye ile kingo iliyoporomoka, bila kuelekezwa na mtu, maana walipajua, walipajua siku zote, wakaanza kuchimba. Kamanthe alikaa chini, akajifunga leso kiunoni vizuri kama mtu anayejiandaa kupokea mzigo. Ndunda aliona machozi yakimtoka, naye akalia, na ilikuwa mara yake ya kwanza siku hizo kupata nafuu.

Walikuwa wamechimba kimo cha mtu wakati Kilonzo alipofika na pikapu yake. Alishuka taratibu. Alivaa Air Force nyeupe, nyeupe hata soli, nyeupe hata kamba, na alitembea juu ya udongo wa Syuuni bila doa kumshika. Alisalimu kila mtu. Alimwuliza Kamanthe habari za mtoto. Kisha akatazama mstari wa viatu.

"Ni nini inawachelewesha?"

"Imebaki jozi, mkubwa," nyapara akasema.

"Hizi?" Kilonzo akacheka kidogo. "Hizi ni zangu. Nilizisahau hapa."

Sepetu zilisimama. Nyapara alitazama chini.

"Si zake," Kamanthe akasema. "Ni za Baba Mwelu. Ndunda, sema."

"Ehe, Ndunda," Kilonzo akasema kwa upole. "Si wewe ndio mtaalamu? Soko yote inajua. Ukisema si zangu, watu wachimbe mpaka kesho, mimi sina neno. Sema."

Watu kumi walimtazama Ndunda. Aliuona uzi wa kijani toka pale aliposimama. Aliona kisigino cha kulia kilicholika upande wa nje, kwa sababu Masila alitupa mguu kidogo akitembea, na Kilonzo hatupi. Alikuwa na maoni kamili, tangu kamba hadi soli, na angeweza kuyatoa kwa sentensi moja. Kilonzo alikuwa akimtazama bila hasira, kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji tarehe thelathini.

"Jaribu," Ndunda akasema. "Tuone kama zinakutosha."

Kilonzo akavua zake nyeupe, akazivaa zile nyekundu, akasimama.

"Zinamtosha," Ndunda akasema.

Basi ikawa hivyo. Neno la Ndunda katika mambo ya viatu lilikuwa la mwisho. Wachimbaji walitoka shimoni na kuvaa jozi zao nane, nyapara akahesabu, hakuna jozi iliyobaki. Kilonzo akamkabidhi Ndunda Air Force zake. "Unioshee hizo. Nitapitia Ijumaa." Akaanza kutembea kwenda kwenye pikapu, na katika hatua ya kwanza mchanga ukafurika kwenye vifundo vya miguu yake, ukamwagika kushoto na kulia. Alitazama chini. Wachimbaji nao wakatazama, kisha kwa mazoea wakashika sepetu, na nyapara akampigia dereva mbinja arudishe lori nyuma.

Kamanthe alibaki ameketi. Giza lilipokaribia alijikung'uta, akachukua boksi tupu, akaenda zake.

Siku hizi Kilonzo hachimbi tena Syuuni. Wale wanane aliwaachisha kazi mwezi wa tisa, bila ubaya. Kila asubuhi anakaa uani kwake kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya tofali, anasoma gazeti, na kufikia saa sita lori limejaa. Hazivui zile raba. Anasema zimezoeana na miguu yake. Mchanga wake unapendwa, hauhitaji kuchujwa, unashika vizuri. Umejenga Tala, umejenga Matuu, na kuna ghorofa za kupangisha karibu na Athi River zilizopigwa lipu nao kuanzia chini mpaka paani. Kila Ijumaa anamtuma mtu kuchukua Air Force zake, na kila Jumatatu zinarudishwa kuoshwa. Huwa hazijavaliwa. Ndunda anaziosha, anazizungushia tishu, anazianika kivulini. Hatoi maoni tena. Mteja akimwuliza kati ya hizi na zile, anasema zote ni nzuri.

Kamanthe amenunua chekecho. Anakwenda penye kila ujenzi uliopokea mchanga wa Kilonzo, anaomba, na mafundi wanamwachia rundo kwa saa moja kabla ya kuchanganya simiti, wameshamzoea. Siku zisizo za soko Ndunda huenda naye, anashika upande wa pili wa chekecho. Hajamsamehe, wala hajamfukuza. Wakikuta kitu wanakitia kwenye kopo. Makopo sasa ni manne, na katekista amesema yakifika ya kutosha ibada itafanywa, kaburi lilishachimbwa kando ya baba mtu.

Alhamisi iliyopita walikuwa kwa naibu wa chifu, anayejenga sasa ukuta wa ua. Kamanthe alisimamisha chekecho katikati ya kazi.

"Ndunda, wewe unajua viatu. Tutamzika na gani?"

Ndunda alifikiri juu ya jozi kumi na nne zilizozunguka godoro lake, akafikiri juu ya saizi arubaini na tatu. Kisha akamwambia ukweli.

"Miguu haijafika, Mama Mwelu."

Kamanthe akakubali kwa kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli, akainua upande wake wa chekecho. Fundi alikuwa amesimama pembeni na mfuko wa simiti uliokwisha kufunguliwa, akiwasubiri wamalize.